Jibu la mlinganyo wenye x kwenye asili limekataa: tafuta hitilafu ilipo

Mlinganyo wenye x kwenye asili una tabia moja inayoudhi. Unaweza kuukosea na bado ukafika mwisho bila kikwazo, ukapata x sawa na namba fulani, ukaipigia mstari chini na kufungua ukurasa mwingine. Hakuna kinachokushtua njiani. Ndiyo maana hapa tunaanzia mwisho: umeona nini kwenye daftari lako, na kilichosababisha ni nini.

Maneno kwanza, tusije tukapishana. Katika sehemu 3/(x − 2), juu kuna kiasi, ambacho ni 3, na chini kuna asili, ambayo ni x − 2. Mkwaju umesimama badala ya mstari wa sehemu, na mabano yanaonyesha kila kilichomo chini ya mstari huo. KDS ni kigawe kidogo cha shirika cha asili zote. Njia ya kawaida ya kutatua ni kutafuta KDS, kuzidisha kila kipande cha mlinganyo kwa KDS hicho, sehemu zote ziondoke, kisha kuendelea kama mlinganyo wowote uliouzoea. Kilicho kigeni ni hatua moja tu, ile ya kuzidisha. Hitilafu nyingi zinazofuata zinazaliwa humo humo.

Kabla ya kufuta chochote

Ukipata jibu, lirudishe kwenye mlinganyo wa kwanza kabisa, ule uliopewa. Kulijaribu kwenye mstari wa pili au wa tatu hakusaidii, kwa sababu huenda mstari huo tayari umeharibika na utalikubali jibu baya kwa furaha.

Pande mbili zisipolingana, usikimbilie kifutio. Jibu baya lina habari ndani yake. Liweke kwenye mstari wa pili, kisha wa tatu, ukishuka hivyo. Mstari wa kwanza utakaolikubali ndio uliozaliwa na kosa: hitilafu iko kati yake na mstari wa juu yake. Tazama kazi hii:

8/x − (x − 2)/(2x) = 1
16 − x − 2 = 2x
14 = 3x
x = 14/3

Weka 14/3 kwenye mstari wa kwanza. 8/x inatoa 12/7, na (x − 2)/(2x) inatoa 2/7, kwa hiyo kushoto ni 10/7. Kulia ni 1. Umekataa. Weka kwenye mstari wa pili: kushoto ni 28/3, kulia ni 28/3. Umekubali. Basi mistari ya chini haina hatia, na huna haja ya kuikagua tena. Kosa limefanyika mara tu ulipozidisha.

Ni kosa gani? Fuata hapa chini.

Dalili: mstari wa pili umekubali jibu ambalo mstari wa kwanza umelikataa

Hii ndiyo dalili inayotokea zaidi, na mtuhumiwa wa kwanza ni alama ya kutoa iliyosimama mbele ya sehemu. Mstari wa sehemu hufanya kazi ya mabano hata kama hayakuandikwa. Ukiondoa sehemu, mstari unatoweka na mabano yake yanatoweka nayo, isipokuwa uyaandike wewe mwenyewe. Katika mfano wetu KDS ni 2x, na mstari wa pili ulipaswa kuwa:

16 − (x − 2) = 2x

Kufungua mabano kunatoa 16 − x + 2 = 2x, yaani 18 = 3x, yaani x = 6. Jaribu: 8/6 ni 4/3, na 4/12 ni 1/3; ukitoa, unapata 1. Tofauti yote ilikuwa ile −2 iliyotakiwa kugeuka +2. Ushauri wangu ni kuandika mabano kuzunguka kila kiasi chenye vipande viwili au zaidi kabla ya kuzidisha, hata pale unapoona hayahitajiki. Wino ni rahisi kuliko kurudia swali zima.

Mtuhumiwa wa pili ni namba isiyo na asili. Katika 6/x + 1 = 4, wengi huandika 6 + 1 = 4x na kupata 7/4. Ile 1 iliachwa nyuma. Macho yanaona kwamba kazi ya KDS ni kuondoa asili, na 1 haina asili inayoonekana, basi inarukwa. Lakini unazidisha upande mzima, na 1 imo kwenye upande huo. Sahihi ni 6 + x = 4x, kwa hiyo x = 2. Mkono ukizoea kuiruka, andika 1/1 na 4/1 kwa muda, mpaka jicho lijifunze.

Mtuhumiwa wa tatu ni kuzidisha kimsalaba mahali pasipostahili. Kuchukua asili ya kushoto ukaizidisha kwa kiasi cha kulia, na asili ya kulia kwa kiasi cha kushoto, kunafaa pale tu ambapo kila upande una sehemu moja na hauna kingine. Kukiwa na kipande cha tatu popote, mbinu hiyo haina pa kukiweka. Mimi huwa nawashauri wanaoanza waisahau kwa muda. KDS hufanya kazi ile ile na haibagui idadi ya vipande.

Dalili: x imetoweka na kimebaki kitu kama 3 = 3

Angalia mlinganyo huu:

(x + 6)/(x + 2) = 3

Mtu anaona x juu, x chini, anazikata zote mbili. Anabaki na 6/2 = 3, ambayo ni kweli, kisha anaandika kwamba kila namba ni jibu. Mwaminishe kwa namba moja tu: x = 1 inatoa 7/3, ambayo si 3.

Kukata ni kugawanya juu na chini kwa kitu kimoja, na kitu hicho lazima kiwe kinazidisha kiasi chote na asili yote. Hapa x imejumlishwa na 6, na huku imejumlishwa na 2. Haizidishi chochote. Katika 5x/(2x) ungeikata bila shida, mradi x si sifuri. Ukizidisha ipasavyo unapata x + 6 = 3x + 6, na x = 0.

Hapo hapo huzuka hofu nyingine: "Si tumeambiwa sifuri haikubaliki?" Kinachokatazwa ni asili kuwa sifuri. Ukiweka 0 mahali pa x, asili inakuwa 2, na 6/2 ni 3. Jibu ni 0 na halina kasoro. Nimeona watu wakilifuta jibu sahihi kwa sababu tu lilikuwa sifuri.

Kuna wakati x hutoweka kihalali. Mlinganyo (x² − 9)/(x − 3) = x + 3 ukiuzidisha kwa x − 3 unatoa x² − 9 = x² − 9. Huo ni kweli kwa kila namba isipokuwa 3, na hiyo "isipokuwa 3" ni sehemu ya jibu. Ukiiacha, jibu lako lina kosa.

Dalili: hesabu ni safi, lakini jibu linaifanya asili kuwa sifuri

Hapa tukae kidogo, maana watu huhangaika bure.

x/(x − 3) = 3/(x − 3) + 2

Zidisha kila kipande kwa x − 3:

x = 3 + 2(x − 3)
x = 2x − 3
x = 3

Rudisha 3 kwenye mstari wa kwanza na asili zote mbili zinakuwa sifuri. Anayekutana na jambo hili mara ya kwanza huanza kukagua kila alama, anakokotoa upya, anapata 3 tena, anaanza kulaumu swali. Hakuna alama iliyokosewa. Mlinganyo huu hauna jibu, na "hauna jibu" ndiyo sentensi ya kuandika.

Kwa nini basi 3 ilijitokeza? Kuzidisha pande zote mbili kwa kitu kimoja ni halali siku zote, lakini huwezi siku zote kurudi ulikotoka. 5 = 7 ni uongo. Zidisha kila upande kwa sifuri: 0 = 0, kweli tupu. Uongo umeingia upande mmoja wa hatua na kutoka ukiwa kweli, na hakuna kugawanya kutakakokurudisha. Sasa, ulipozidisha kwa x − 3 hukujua x ni ngapi. Kwa namba zote nyingine ulizidisha kwa kitu salama. Kwa namba 3 peke yake ulizidisha kwa sifuri, na hapo mlango ulifunguka.

Fikra hiyo ina faida ya moja kwa moja. Kuzidisha kwa KDS hakuleti jibu bandia popote pale tu. Linaweza kutokea kwenye namba zinazoigeuza asili kuwa sifuri na si kwingine. Namba hizo unaweza kuzijua kabla hujaanza. Kwa hiyo kabla ya kuzidisha, angalia kila asili, iulize ni sifuri lini, na uandike pembeni: x ≠ 3. Ukimaliza, linganisha. Jibu likiwa kwenye orodha ya marufuku, linaanguka. Lisipokuwemo na bado likashindwa jaribio, basi ujue umekosea hesabu, na urudi kwenye mbinu ya mistari niliyoieleza mwanzo. Orodha ile ya pembeni ndiyo inayokutenganishia hali hizi mbili, ambazo kwa macho zinafanana: zote ni "jibu limekataa".

Ukitaka kuuona uongo wa mlinganyo ule kwa macho, hamisha 3/(x − 3) uje kushoto. Unapata (x − 3)/(x − 3) = 2. Upande wa kushoto ni 1 kwa kila namba inayoruhusiwa. Mlinganyo mzima ulikuwa unadai 1 = 2, ila ulivaa nguo.

Si lazima majibu yote yaanguke. Katika x²/(x − 1) = 1/(x − 1) unapata x² = 1, yaani 1 na −1. Ile 1 ni marufuku. −1 inatoa 1/(−2) pande zote mbili, inapita. Mtu akiona moja limeanguka asilitupe na la pili.

Dalili: mlinganyo umekua mpaka kipeo cha tatu

Swali lilionekana la kawaida, ghafla una x³ na hujui pa kuipeleka. Chanzo ni kuzidisha asili zote pamoja bila kuangalia kama moja imo ndani ya nyingine.

3/(x − 2) − 2/(x + 2) = 15/(x² − 4)

Ukizidisha kwa (x − 2)(x + 2)(x² − 4) na kupanga upya, unafika kwenye x³ − 5x² − 4x + 20 = 0. Hukukosea, na ukiwa na subira utapata majibu matatu: 5, 2 na −2. Mawili ni marufuku. Umejiletea wageni bandia wawili kwa kuzidisha kuliko ilivyohitajika, na umefanya kazi mara tatu.

Vunja asili katika vigawo kwanza. x² − 4 ni (x − 2)(x + 2), kwa hiyo hiyo yenyewe ndiyo KDS:

3(x + 2) − 2(x − 2) = 15
x + 10 = 15
x = 5

Jaribu: 3/3 − 2/7 = 5/7, na 15/21 ni 5/7.

Ndugu wa tatizo hili ni asili zinazopingana, kama 5/(x − 4) + 3/(4 − x) = 1. 4 − x ni x − 4 iliyogeuzwa alama. Geuza alama ya sehemu nzima: 5/(x − 4) − 3/(x − 4) = 1, yaani 2 = x − 4, yaani x = 6. Usipoligundua hilo, utapata mlinganyo wa kipeo cha pili wenye 6 na 4, na 4 itaanguka.

Dalili: jibu lako limepita jaribio, lakini kitabu kina majibu mawili

Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu kipimo chetu hakiioni.

2x/(x + 3) = x/(x − 1)

Marufuku ni −3 na 1. Zidisha: 2x(x − 1) = x(x + 3). Kila upande una x inayozidisha, mkono unawasha, unagawanya kwa x: 2x − 2 = x + 3, x = 5. Jaribu: 10/8 na 5/4 ni sawa. Kila kitu kinapendeza.

Sasa weka 0. Kushoto 0, kulia 0. Nalo ni jibu, na wewe umelitupa. Kugawanya kwa x kunadai x isiwe sifuri, na dai hilo ulilipitisha bila kulisema. Kuzidisha kunaweza kuongeza majibu, na majibu ya ziada unayanasa kwa kujaribu. Kugawanya kunaweza kupoteza majibu, na jibu lililopotea halipo mbele yako ulijaribu.

Dawa: usigawanye kwa kitu chenye x. Leta vyote upande mmoja, x² − 5x = 0, vunja vigawo, x(x − 5) = 0, na majibu yote mawili yanabaki mezani. Tahadhari hiyo inahusu pia vitu kama x − 7 au 2x + 1 vikijitokeza pande zote mbili.

Dalili: umepindua sehemu na jibu limetoka kubwa mno

Kanuni za fizikia zimejaa milinganyo ya aina hii. Vipingamizi viwili vya umeme vilivyounganishwa sambamba vina kipingamizi cha jumla R, ambapo

1/R = 1/3 + 1/6

kama kimoja ni cha omu 3 na kingine omu 6. Mtu anapindua kila kitu: R = 3 + 6 = 9. Lakini katika muunganiko sambamba jumla huwa daima ndogo kuliko kipingamizi kilicho kidogo zaidi, kwa hiyo 9 haiwezekani hata kabla ya kukokotoa.

Unaruhusiwa kupindua upande mzima, si vipande vyake. Jumlisha kwanza: 1/3 + 1/6 = 1/2. Sasa kila upande ni sehemu moja, pindua: R = 2. Kanuni ya lenzi, 1/f = 1/u + 1/v, ina mtego huu huu.

Dalili: umehakiki kila hatua, ila kikokotoo kinakataa

Hapa mara nyingi mwenye kosa ni namna ulivyobonyeza. Mlinganyo 12/(x + 2) = 3 una jibu 2. Ukibonyeza 12 ÷ 2 + 2, kikokotoo kinagawanya kwanza na kukupa 8. Asili yenye vipande viwili iwekee mabano. Hata 1 ÷ 2x si salama: vikokotoo vingine husoma 1/(2x), vingine nusu ya x.

Na usijaribu kwa desimali iliyokatwa. 10/x = 3 ina jibu 10/3; ukiweka 3.33 unapata 3.003 na kitu, kisha unaanza kutafuta kosa lisilokuwepo. Jaribu kwa sehemu yenyewe.

Dalili: majibu mawili yamepita, ila moja halieleweki

Hutokea kwenye mafumbo ya maneno. Gari linakwenda kilomita 120. Mwendo ukiongezwa kilomita 10 kwa saa, safari inapungua saa 1. Mwendo wa kwanza ukiwa x:

120/x − 120/(x + 10) = 1

KDS ni x(x + 10). Unapata 1200 = x² + 10x, na majibu ni 30 na −40. Usiseme −40 ni jibu bandia. Lirudishe: −3 + 4 = 1. Mlinganyo umelikubali kabisa, na marufuku zilikuwa 0 na −10 tu. Kinacholikataa ni fumbo, kwa kuwa mwendo wa gari hapa hauwezi kuwa hasi, na sababu hiyo ndiyo ya kuandika kwenye daftari. Ukiandika kwamba asili imekuwa sifuri, msahihishaji ataona umekariri utaratibu bila kuangalia namba. Ukiondoa alama ya hasi kwenye −40, unapata 40, ambao ndio mwendo wa pili wa lile gari.